Wasomaji Wauliza: Mihimili Mitatu ya Marekani Darasani

Wanafunzi wa 8-4-4, mfumo wa elimu wa Kenya unaomalizika, walikutana na serikali ya Marekani katika Kidato cha Nne, sambamba na ya Uingereza na India. Wa sasa wanakutana nayo mapema: taarifa za Washington zinafika kwenye simu za wazazi jioni, na asubuhi mtoto wa sekondari msingi anakuja na swali mkononi. Barua tano tulizochagua mwezi huu zinahusu jambo hilo.

SWALI: Nina wanafunzi 50 wa Gredi ya 8. Wanakariri bila kosa: Bunge hutunga sheria, Serikali hutekeleza, Mahakama hufasiri. Nikiuliza kitu nje ya hapo, kimya. Nimejitengea vipindi viwili vya dakika 40 kuwafunza mfumo wa Marekani. Projekta sina. Nianzie wapi? – *Mwalimu wa Elimu ya Jamii, Kayole*

JIBU: Anzia kwenye neno, Mwalimu. Kiswahili chetu kinatumia "serikali" kwa vitu viwili: dola nzima, na upande wa Rais na mawaziri peke yake. Ukisema serikali ina mihimili mitatu, yaani Bunge, Serikali na Mahakama, mtoto makini atashangaa vipi kitu kimekuwa sehemu ya nafsi yake. Chagua jina moja kwa upande wa Rais ulishike hadi mwisho. Sisi tunapendelea "Utawala", kisha "serikali" ibaki ya wote watatu.

Pili, huo wimbo wao si wa uongo, ila unampa kila mhimili shamba lake na ua kuuzunguka. Katiba ya Marekani, iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787, ilifanya kinyume makusudi: iliuweka mkono wa kila mhimili ndani ya chungu cha mwenzake. Rais hatungi sheria, lakini mswada unasubiri sahihi yake. Seneti, nyumba moja ya Bunge lao (nyingine ni Baraza la Wawakilishi), haiamui kesi za raia, lakini hakuna jaji wa Mahakama ya Juu anayeajiriwa bila idhini yake. Kwa hiyo swali la kuandika ubaoni si "nani hufanya nini?" bali "nani anaweza kumzuia nani, na kwa kura ngapi?" Watoto wataelewa sababu mara moja ukiwakumbusha kwamba kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani.

Baada ya hapo, wape mswada mmoja waufuate kutoka mkono hadi mkono. Kwa wanafunzi 50 gawa hivi: Baraza la Wawakilishi 27, Seneti 12, Rais mmoja, Makamu wa Rais mmoja, mawaziri wawili, majaji watano, na makarani wawili wa kuhesabu kura. Majimbo yawe sita, kila moja na maseneta wawili. Viti 27 vya Baraza vigawe kwa ukubwa: California 9, Texas 7, Florida 5, Ohio 3, Colorado 2, Wyoming 1. Hesabu hizi hazikuokotwa tu. Viti halisi vya majimbo hayo ni 52, 38, 28, 15, 8 na 1, kwa hiyo picha inakaribiana na ukweli. Mtoto wa Wyoming atalalamika kwamba yuko peke yake Barazani. Mwache alalamike, kisha muulize ana maseneta wangapi, na California ina wangapi.

Kwenye karatasi ya manila andika katiba ya darasa, vifungu vitatu tu. Cha kwanza: mswada upite Baraza na Seneti kwa zaidi ya nusu ya kura, ndipo uende kwa Rais. Cha pili: Rais akiukataa, utakuwa sheria tu ukipata theluthi mbili katika kila nyumba. Cha tatu: hakuna mwanafunzi atakayeadhibiwa kabla ya kusikilizwa. Ibandike ukutani wala usiizungumzie zaidi ya kuisoma mara moja.

Halafu leta mswada: "Mwanafunzi yeyote atakayefika baada ya kengele ya asubuhi atafagia darasa jioni ya siku hiyo, na hataulizwa sababu." Mgongano na kifungu cha tatu umepandwa humo kwa makusudi. Wengi hawatauona, na wewe usiwaonyeshe. Somo la aina hii huanguka hasa kwa sababu mwalimu huleta mswada wa kuongeza muda wa mapumziko au wa kuruhusu simu, nao hauna lolote linalogusa katiba. Majaji watano wanakaa pembeni vipindi viwili wakitazama dirishani, na darasa linaondoka likiamini Mahakama ni pambo.

Kipindi cha kwanza kiende hivi: dakika 5 za kugawa kadi na viti, 12 za Baraza, 10 za Seneti, 5 za Rais na mawaziri wake, 8 za kura ya marudio Rais akiukataa mswada. Kila msemaji apewe sekunde 30, wanne upande wa ndio na wanne upande wa la. Bila kikomo hicho Baraza litakula kipindi chote. Barazani kura 14 zinatosha kupitisha, Seneti 7. Seneti ikifungana 6 kwa 6, hapo ndipo Makamu wa Rais anapiga kura, na hiyo ndiyo nafasi pekee aliyo nayo ya kupiga kura katika Seneti halisi. Seneti ikibadilisha hata neno moja, mswada urudi Barazani. Hakuna sheria mpaka nyumba zote mbili zipitishe maneno yale yale.

Rais mpe kadi ya siri: "Ulipoomba kura, uliwaahidi wanaokaa mbali na shule kwamba hawataonewa." Bila kadi hiyo atatia sahihi kila kitu ili asiwaudhi marafiki. Akiupinga mswada kwa kura ya turufu, aandike sababu na aurudishe kwenye nyumba ulikoanzia. Theluthi mbili ya Baraza lenu ni 18, ya Seneti ni 8. Rais halisi ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi. Akinyamaza siku hizo zikaisha Congress, yaani Bunge lao, ikiwa kikaoni, mswada unakuwa sheria bila sahihi yake. Kama Congress imekwisha kuahirisha vikao kiasi kwamba haiwezi kurudishiwa, mswada unakufa.

Kipindi cha pili ni cha Mahakama, na hapa pana mtego mwingine. Majaji hawaruhusiwi kusimama wenyewe na kufuta sheria. Mahakama za Marekani husubiri mtu aliyeumizwa alete kesi. Kwa hiyo mteue mlalamishi: amechelewa kwa sababu matatu ilikwama Jogoo Road, amefagishwa, na hakuulizwa. Waziri mmoja autetee upande wa Utawala. Dakika 15 zinatosha. Kila jaji asome kifungu anachokitegemea kabla ya kutoa sababu. "Mimi naona ni vibaya" si hukumu. Kura tatu ndizo wingi, na jaji aliyeshindwa asome maoni yake pia. Ndipo uwaambie kwamba Katiba ya Marekani haisemi waziwazi kuwa Mahakama inaweza kubatilisha sheria. Mahakama yenyewe, chini ya Jaji Mkuu John Marshall, ilijitwalia jukumu hilo mwaka 1803 katika kesi ya Marbury v. Madison.

Na je, mswada ukifia kwenye turufu? Kesi itatoka wapi? Sema mwaka umepita na kuna Rais mpya, mwanafunzi mwingine, naye ametoa agizo lenye maneno yale yale bila kupitia Bunge. Majaji watapata kazi maradufu, na wewe utapata mlango wa kuingiza mfano halisi: mwaka 1952, wakati wa vita vya Korea, Rais Truman aliagiza serikali itwae viwanda vya chuma vilivyokuwa vikikabiliwa na mgomo. Mahakama ya Juu ikamzuia, majaji sita kwa watatu, kwa kuwa hakuna sheria iliyompa uwezo huo.

Dakika 5 za mwanzo wa kipindi cha pili ni za kukumbushana. 20 za mwisho tumia kubadilisha namba za darasa kuwa namba halisi. Baraza 435, miaka miwili. Seneti 100, miaka sita, theluthi moja ikichaguliwa kila baada ya miaka miwili. Rais miaka minne, na tangu marekebisho ya 1951 hachaguliwi zaidi ya mara mbili. Majaji tisa, hawana kikomo cha umri. Namba zikija baada ya mchezo hushika. Zikija kabla huwa orodha nyingine ya kukariri.

Kama darasa lina watu 65, ongeza Baraza liwe 42 (14, 11, 8, 5, 3, 1) na mengine yasibadilike. Chagua namba inayogawika kwa tatu, la sivyo nusu saa itaisha mkibishana theluthi mbili ya 40 ni ngapi.

SWALI: Nimezoea kuanza na Kenya kisha kwenda Marekani kwa kuwa mifumo inafanana. Mwenzangu anasema ninawachanganya watoto. – *Mwalimu, Eastleigh*

JIBU: Endelea kuanza na Kenya, lakini mwenzako ana hoja. Tangu Katiba ya 2010 mawaziri wetu si wabunge, kama ilivyo Marekani, na hilo hurahisisha kazi. Kinachowapoteza watoto ni majina yanayofanana kwa vitu visivyofanana.

Spika wa Bunge letu la Kitaifa si mbunge. Huchaguliwa na wabunge kutoka nje yao, na anatarajiwa kuwa mwamuzi. Spika wa Baraza la Wawakilishi ni kiongozi wa chama chenye wingi, anapigania ajenda ya chama chake waziwazi. Seneti yetu ina maseneta 67 mbali na Spika: 47 wa kaunti na 20 walioteuliwa, na kazi yake kubwa ni mambo ya kaunti. Ya Marekani ndiyo inayoidhinisha mawaziri, majaji na mabalozi, na mikataba na nchi nyingine inahitaji theluthi mbili yake. Kwetu mawaziri hupigwa msasa na Bunge la Kitaifa. Mtoto akiandika kwamba Seneti ya Kenya huidhinisha mawaziri, usimlaumu. Seneti mbili zimemgongana kichwani.

Mahakama nayo. Baadhi ya matangazo ya Kiswahili huiita mahakama ya juu kabisa ya Marekani "Mahakama Kuu". Kwa mtoto wa Nairobi hiyo ni ngazi iliyo chini ya Mahakama ya Rufaa, ambayo nayo iko chini ya Mahakama ya Juu. Sema "Mahakama ya Juu" siku zote. Yetu ina majaji saba, na idadi hiyo imo ndani ya Katiba. Wanastaafu wakiwa na miaka 70. Ya Marekani ina tisa kwa sababu sheria ya Congress ya 1869 ilisema hivyo. Ilianza na sita.

Linganisha pia muda wa sahihi. Rais wetu ana siku 14. Akinyamaza zikapita, mswada unahesabiwa kuwa umeidhinishwa, kwa hiyo ile njia ya mswada kufa kimyakimya haipo hapa. Mfano wanaoukumbuka wote ni Mswada wa Fedha wa 2024, ambao Rais Ruto alitangaza tarehe 26 Juni kwamba hatautia sahihi.

Tofauti kubwa, na ambayo vitabu vingi huipita haraka, iko chini ya ngazi ya taifa. Kaunti zetu zina bunge na utawala wake, lakini hakuna mahakama ya kaunti. Mahakama ni moja nchi nzima. Kila jimbo la Marekani lina mihimili yote mitatu, pamoja na mahakama yake ya juu na katiba yake. Ndiyo maana gavana wa Texas anaweza kumshtaki Rais mahakamani bila kuonekana mtovu wa nidhamu. Chora mihimili mitatu ubaoni, kisha ichore tena ndogo ndogo mara 50, hata kama utachora tano tu na kuweka nukta.

SWALI: Binti yangu ameniuliza: kama Trump "alibanduliwa" mara mbili, mbona hakutoka, na mbona ni Rais tena? Sikuwa na jibu. – *Mzazi, South B*

JIBU: Kosa si lako, Mama, wala si la binti. Ni la neno. "Kubandua" kwa Kiswahili ni kutoa kitu kilipokuwa kimebandikwa, kikibanduliwa kimetoka. Kinachofanyika katika Baraza la Wawakilishi si hicho. Baraza *linamfungulia mashtaka* Rais, na linahitaji tu zaidi ya nusu ya kura. Kisha Seneti inakaa kama mahakama, Jaji Mkuu akiongoza ikiwa mshtakiwa ni Rais aliye madarakani, na kumtoa kunahitaji theluthi mbili ya maseneta waliopo. Mwambie binti: Baraza ni kama ofisi ya mashtaka, Seneti ndiyo inayohukumu.

Marais watatu wameshtakiwa hivyo: Andrew Johnson mwaka 1868, Bill Clinton 1998, na Donald Trump 2019 na tena 2021. Hakuna aliyetolewa. Johnson aliponea kura moja: 35 zilitaka atoke, zilihitajika 36. Trump mara ya pili zilipatikana 57 katika Seneti ya watu 100. Kwa kuwa hakupatikana na hatia, hakuna kilichomzuia kugombea tena, na alishinda 2024. Rais Richard Nixon hayumo katika orodha: alijiuzulu 1974 kabla Baraza zima halijapiga kura.

Kwetu kizingiti cha kwanza ni kirefu zaidi. Bunge la Kitaifa linahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, na Seneti theluthi mbili pia. Oktoba 2024 wabunge 281 walipiga kura ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua, kisha Seneti tarehe 17 ikathibitisha mashtaka matano kati ya 11. Hapo neno "kubanduliwa" linafaa.

SWALI: Walimu, hamjambo? Redio ilisema serikali ya Marekani imefungwa. Je, Rais alienda nyumbani? – *Mwanafunzi wa Gredi ya 9, Buruburu*

JIBU: Hatujambo. La, Rais hufanya kazi, wanajeshi hubaki kazini, na Mahakama husikiliza kesi mradi ina akiba ya fedha. Kinachotokea ni hiki: Katiba ya Marekani inasema hakuna pesa zitakazotoka hazina bila sheria iliyopitishwa na Congress. Mwaka wao wa fedha huanza tarehe 1 Oktoba. Congress na Rais wasipoafikiana na sheria ya matumizi ya zamani ikaisha, ofisi zisizo na fedha hufunga na wafanyakazi wengi hukaa bila mshahara. Kuanzia 22 Desemba 2018 hali hiyo ilidumu siku 35, ugomvi ukiwa fedha za ukuta wa mpaka na Mexico.

Mbona halitokei kwetu kila Julai bajeti ikichelewa? Kifungu cha 222 cha Katiba yetu kinaliruhusu Bunge la Kitaifa kuidhinisha hadi nusu ya makadirio ya mwaka wakati mambo mengine yakisubiri. Mpelekee mwalimu wako swali hili: kati ya njia hizi mbili, ipi inampa Bunge nguvu zaidi juu ya Rais?

SWALI: Nitawapimaje? Mtihani wa "taja kazi tatu za Congress" unawapa wote alama sawa. Na je, kuna pahali pa kuwapeleka? – *Mwalimu, Kangemi*

JIBU: La ziara kwanza, ni fupi. Mihimili yetu mitatu inafikika kwa miguu katikati ya jiji: Majengo ya Bunge, Harambee House (Ofisi ya Rais) kwenye Harambee Avenue, na Mahakama ya Juu kwenye City Hall Way. Andika barua kwa Karani wa Bunge mapema, utaje idadi ya wanafunzi na walimu, na uombe alasiri ya kikao. Bunge la Kitaifa hukaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi saa nane na nusu, isipokuwa likizoni. Waambie watoto kwamba huko Washington Mahakama ya Juu ilikuwa ikikalia chumba ndani ya jengo la Congress mpaka 1935 ilipopata jengo lake.

Kwa tathmini, wape hali halisi badala ya orodha. Mfano: "Rais wa Marekani ameukataa mswada. Wabunge wote wa nyumba zote mbili wamehudhuria. Barazani 290 kati ya 435 wamepiga kura kuupitisha tena. Katika Seneti ni 66 kati ya 100. Je, ni sheria? Eleza." Barazani theluthi mbili ni 290 kamili, imetimia. Seneti inahitaji 67. Mswada umekufa kwa kura moja.

Anayeandika "la" bila hesabu, mweke kwenye ngazi ya "kukaribia matarajio". Anayeonyesha 290 na 67 amefikia. Anayeongeza kwamba Congress inaweza kuanza upya na mswada mwingine uliobadilishwa ili Rais aukubali, huyo amezidi. Utakutana na mmoja atakayejumlisha kura za nyumba zote mbili, 356 kati ya 535, aseme hazitoshi kwa kuwa theluthi mbili ni 357. Jibu lake ni sahihi na njia si sahihi. Usimpe alama zote, maana siku Baraza likipata 300 na Seneti 60, hesabu hiyo hiyo itamwambia mswada umepita.